Mtoto Asibabuke kwa Ajili ya Udhu

  

Nilikuwa nimekusudia kuendelea na maelezo ya zaka ya biashara ambayo tuliyaacha njiani. Nimeyaweka kando kwa juma hili. Alhamisi mbili zilizopita, baada ya darsa ya akina mama, lilitokea jambo lililoushughulisha moyo wangu, na nimeona si vyema libaki kwangu peke yangu.

Darsa ilikuwa imekwisha na wanawake wakitafuta viatu vyao, alipobaki nyuma ya pazia mama mmoja kijana aliyempakata mtoto wa kike wa miezi minane. Mtoto alikuwa akilia kile kilio cha kuchoka, kisichopanda wala kushuka. Mama akasema, "Shekhe, nina suala la twahara, lakini naona haya." Nikamwambia, "Uliza, mwanangu. Ndiyo kazi iliyotuleta hapa." Akaniambia kwamba mtoto amebabuka mapajani na makalioni, na kila akifungwa nepi hulia mpaka sauti ikamkauka. Muuguzi amemshauri amwache wazi apigwe na upepo. Lakini wao wanaishi chumba kimoja. Humo ndimo wanamolala, ndimo wanamokula na ndimo wanamoswali. Je, inajuzu kumwacha mtoto bila nepi mahali kama hapo?

Nikamuuliza kwa nini isijuzu. Akanijibu kwa unyenyekevu ulionichoma kuliko lawama: "Shekhe, ni wewe uliyetufundisha kwamba hata tone moja la mkojo hubatilisha swala."

Ni kweli, nilifundisha, na hukumu yenyewe ni sahihi. Ila siku ile muda ulinibana, nikaeleza najisi ilivyo nzito, na sikupata nafasi ya kueleza namna ilivyo nyepesi kuiondoa. Mama huyu akaenda nyumbani na nusu ya somo, akaitumia kwa ikhlasi yake yote, na aliyelipa ni mtoto.

Nikaendelea kumdadisi, nikapata la pili. Maji kwao hununuliwa kwa madumu kutoka kwa mwenye mkokoteni. Ili asiyamalize, yeye hutawadha Adhuhuri na hujitahidi kuuhifadhi udhu wake mpaka Alasiri. Na kwa kuwa amesikia kwamba kugusa tupu ya mtoto hutengua udhu, basi hambadilishi mtoto baina ya swala hizo mbili. Usiku humfunga nepi moja baada ya Isha, na haifunguliwi mpaka adhana ya Alfajiri. Tangu Isha mpaka Alfajiri, ndugu zangu, hazipungui saa tisa.

Sikumjibu palepale juu ya mambo ya ngozi, kwa kuwa si fani yangu. Nilirudi nyumbani nikamwita binti yangu wa pili, ambaye ni muuguzi wa watoto, nikamkalisha chini anieleze kama mwanafunzi wa juzuu ya kwanza. Yale nitakayoyaandika kuhusu mwili wa mtoto nimeyachukua kwake. Yale ya fiqhi ni juu yangu mimi.

Ngozi ya kitoto kichanga ni nyembamba kuliko yetu. Ikikaa na unyevu muda mrefu hulainika, kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua nguo, na kitu kilicholainika huchubuka kwa msuguano mdogo tu. Mkojo mbichi peke yake hauna ukali mkubwa. Ukali huja unapokutana na choo. Vijidudu vilivyomo katika choo huugeuza mkojo ukawa na amonia, ile harufu kali inayompiga mama puani anapofungua nepi ya asubuhi. Amonia huondoa uchachu mwepesi ambao Mola ameujaalia kuwa ngao ya ngozi. Ngao ikiondoka, vimeng'enya vilivyotoka na choo, ambavyo kazi yake ilikuwa kusaga chakula tumboni, hupata nguvu na kuanza kuila ngozi yenyewe. Kwa hivyo mtoto yule hakuwa akilia kwa deko. Alikuwa akiunguzwa, polepole, ndani ya kitu kilichofungwa.

Hapo pia ndipo utakapofahamu kwa nini balaa hili huzidi mtoto anapofikia miezi minane, tisa, hadi mwaka. Ameshaanza uji, ndizi na viazi. Choo chake kimegeuka. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake choo chake huwa na ukali mdogo, na hiyo ni faida moja zaidi ya maziwa ambayo wengi hawaihesabu. Huzidi tena mtoto anapoharisha, au anapotoka katika dozi ya antibiotiki, kwa kuwa dawa hizo huua na vijidudu vizuri vinavyolinda mwili. Na sisi watu wa pwani tuna letu zaidi: joto la kaskazi. Miezi ile ambayo hata mtu mzima hutafuta baraza yenye upepo, mtoto amefungwa plastiki kiunoni.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu mama yule alikuwa ameshahukumiwa kabla hajafika kwangu. Mavyaa wake amemwambia kuwa ni mchafu. Jirani amemwambia kuwa ni jicho. Mimi siwezi kukanusha kuwa jicho lipo, na kumsomea mtoto ni jambo jema. Msomee, na ukimaliza kusoma fungua ile nepi. Na ama uchafu, binti yangu amenihakikishia kuwa wamo watoto wa mama wasafi kupindukia wanaobabuka vibaya, na mara nyingine huo usafi wenyewe ndio sababu, kwa namna wanavyosuguliwa na kupakwa vitu vya manukato.

Sasa tuingie katika fiqhi, nami nitasema kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo katika pwani hii.

La kwanza ni mahali. Sharti ya swala ni twahara ya mwili wako, ya nguo zako, na ya mahali unapokanyaga na kusujudu. Hakuna mwanachuoni aliyeshurutisha twahara ya chumba kizima. Mswala wako ukiwa safi na umetandikwa mahali pasafi, mtoto anaweza kulala pembe ya pili akiwa wazi, juu ya leso iliyotandikiwa mpira chini yake, na swala yako ikawa kamili. Akikojoa, umekojolewa mpira na leso.

La pili ni namna ya kutwaharisha. Mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili, na ambaye chakula chake ni maziwa tu, mkojo wake ni najisi khafifu. Wamepokea Bukhari na Muslim kisa cha Ummu Qays, aliyemleta mwanawe mdogo ambaye hajaanza kula, Mtume (s.a.w.) akamweka mapajani mwake, mtoto akamkojolea nguoni, naye akaagiza maji akainyunyizia nguo ile wala hakuifua. Basi inatosha kunyunyiza maji yakaenea mahali palipopatwa, baada ya kuuondoa ule unyevu wa mkojo. Tende aliyotafunishwa alipozaliwa na dawa anayonyweshwa hazimtoi katika ruhusa hii. Uji wa kila siku humtoa.

Mtoto wa yule mama ni wa kike, tena ameshaanza uji, kwa hivyo ruhusa hiyo haimhusu. Lakini hata huko kuosha hakukuwa mlima. Leso huoshwa kwa maji mpaka rangi na harufu ya mkojo ziondoke. Ikiwa ni zulia au godoro ambalo haliwezi kutiwa ndani ya beseni, mkojo ufyonzwe kwanza kwa kitambaa kikavu, kimoja baada ya kingine, mpaka pasibaki kitu. Kisha pamiminiwe maji safi yakaenea mahali pote palipopatwa. Pameshatwaharika. Si lazima kulitoa godoro nje likashinda juani siku tatu, kama nilivyosikia baadhi ya wanawake wakifanya, wala si lazima kumwaga ndoo nzima.

La tatu ni udhu, na hapa ndipo penye kosa lililoenea. Kinachotengua udhu ni kugusa tupu yenyewe, ya mbele au ya nyuma, kwa tumbo la kiganja au la vidole, pasipo kizuizi. Hukumu hiyo kwetu ni moja kwa mtoto na mkubwa. Lakini tazama yaliyotoka nje ya hukumu hiyo. Kugusa mapaja na makalio ya mtoto hakutengui udhu. Kuingiwa na mkojo au choo mkononi hakutengui udhu. Ni najisi iliyokushika, ioshe, na udhu wako uko palepale. Na ukigusa kwa kizuizi, kiwe ni kitambaa, pamba au glavu, udhu haukutenguka. Kwa hivyo mama mwenye udhu anaweza kufungua nepi, akapangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa, akakausha kwa kitambaa kingine, akapaka malhamu mapajani na makalioni kwa mkono wake, akafunga nepi nyingine, akanawa mikono, akasimama kuswali Alasiri kwa udhu wa Adhuhuri. Nilipomweleza hivi yule mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi miezi yote hii..." hakuumaliza usemi wake.

Ama kumbeba mtoto ndani ya swala, imethibiti kuwa Mtume (s.a.w.) aliswali hali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab; akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Lakini ukiwa na yakini kwamba nepi ya mtoto ina mkojo au choo, usiswali umembeba, kwa kuwa utakuwa umebeba najisi. Mbadilishe kwanza. Na kama baba yuko nyumbani, ampokee. Hilo nitalirudia huko mbele.

Tukitoka katika hukumu tuje kwenye matibabu, na mtaona kuwa mengi yake hayauzwi.

Nepi ibadilishwe kila baada ya saa mbili au tatu, na choo kikitoka isingojwe hata dakika moja. Usiku, mama anapoamka kunyonyesha, apapase na nepi; mtoto aliyebabuka asiachwe na nepi moja hadi asubuhi. Asafishwe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini au pamba, bila kusugua. Ikiwa ngozi imeuma sana, mkalishe ndani ya beseni umwagie maji taratibu. Mtoto wa kike apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, ili choo kisipelekwe kwenye njia ya mkojo. Vile vitambaa vya dukani vilivyoloweshwa, vingi vina manukato na baadhi vina spiriti. Kwa ngozi iliyochubuka ni kama kutia ndimu kwenye kidonda. Kisha akaushwe kwa kugusishwa kitambaa, kugusa na kuinua, pamoja na mikunjo ya manena.

Halafu aachwe wazi. Hii ndiyo dawa aliyoelekezwa mama yule, na hii ndiyo aliyoiogopa. Dakika kumi au kumi na tano baada ya kila kusafishwa, na zaidi anapolala mchana, juu ya leso na mpira, karibu na dirisha lenye upepo. Ngozi ikikauka kikweli, ule uchachu wake wa asili hurejea na majeraha hufunga. Binti yangu amesema kuwa lau angeruhusiwa kuchagua tiba moja tu, angechagua hii na kuyaacha madawa yote.

Baada ya kukauka, apakwe malhamu ya zinki, ile nyeupe nzito, au mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Apakwe kwa unene, kama mtu anavyosiliba ukuta, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia unyevu usifike kwenye ngozi. Na katika kubadilisha kufuatia, usiikwangue yote. Ondoa tu pale palipochafuka na uongeze juu yake. Wengi huikwangua kila mara mpaka ngozi nyekundu itokeze, na hapo huchubua upya kilichokuwa kimeanza kupona.

Wazee wangu wa kike watanisamehe kwa ninayoyasema sasa. Nyumba zetu ni nyumba za harufu nzuri, na hilo ni katika Sunna na katika ustaarabu wetu. Lakini dalia, liwa na marashi si vya kupakwa kwenye ngozi ya mtoto iliyobabuka. Winda lililofukizwa kwa udi liwekewe siku ambayo ngozi imepona, na hata siku hiyo kwa kiasi. Poda nayo iachwe: chembechembe zake huruka, mtoto akazivuta mpaka mapafuni, na zile zinazobaki chini hugandamana na mkojo zikawa kama mchanga katika mikunjo. Unga wa mahindi vilevile. Mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani, yasiyochanganywa na kitu, hayana madhara kwa ngozi ambayo haijachanika, ila hayazuii maji kama inavyozuia ile malhamu nzito. Na dawa za kuulia vijidudu ambazo watu hutia ndani ya maji ya kuogea, zibaki kwa kusafishia sakafu.

Wanaotumia mawinda ya kitambaa, na mimi nawapongeza kwa kuwa ni nafuu kwa mfuko na kwa jaa la mji, wayatazame maji wanayofulia. Visima vya kisiwa chetu vingi vina maji ya chumvi, na sabuni haitoi povu vizuri ndani yake wala haisuuziki ikaisha. Winda likikauka likiwa kakamavu, ujue sabuni na chumvi vimebaki humo, na mtoto atavivaa. Fueni kwa maji ya kisima kama hamna budi, lakini suuzo la mwisho liwe la maji baridi yasiyo na chumvi, japo ni bakuli mbili za maji ya mvua. Yaanikwe juani. Pasi ikipatikana ipitishwe, kwani wapo inzi wanaotaga mayai katika nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini. Na ile chupi ya plastiki inayovalishwa juu ya winda isivalishwe mchana kutwa. Hugeuza kitambaa kikawa sawa na nepi ya dukani, bila ya ufyonzaji wake.

Pamoja na hayo yote, kuna mbabuko ambao upepo na malhamu ya zinki haviutoshi. Mbabuko wa kawaida hukaa juu ya makalio na mapaja, pale nepi inapogusa, na mikunjo husalimika. Ukiona wekundu mkali umeingia ndani ya mikunjo ya manena, una ukingo unaoonekana, na pembeni yake kuna vipele vidogovidogo vilivyotawanyika, basi hiyo ni fangasi iitwayo kandida, ambayo hupenda mahali penye joto na unyevu. Mbabuko uliozidi siku tatu bila nafuu nao hushukiwa hivyo. Mtazame na kinywani: utando mweupe usiofutika kama maziwa ni ndugu yake huyohuyo. Dawa yake ni krimu ya klotrimazoli au ya nistatini, kwa maelekezo ya daktari au muuguzi, na huendelezwa kwa siku kadhaa hata baada ya wekundu kuondoka.

Hapa nataka nisimame kidogo. Yule mama alikuwa ameshauziwa, katika duka moja la dawa, tyubu ambayo muuzaji aliisifu kuwa "inaua kila kitu". Binti yangu aliposoma maandishi yake alikunja uso. Ndani yake mlikuwa na dawa ya fangasi, dawa ya vijidudu, na steroidi kali, vyote pamoja. Steroidi kali huufuta wekundu kwa siku mbili, na mama akashukuru. Lakini ngozi ya manena ya mtoto ni laini kupita kiasi, na nepi ikifungwa juu yake huwa kama bendeji inayoisukuma dawa ndani ya mwili. Ikitumiwa mara kwa mara huikondesha ngozi, na kiasi kinachoingia mwilini kinaweza kumdhuru mtoto. Baadhi ya steroidi nyepesi hutolewa na madaktari kwa siku chache, kwa watoto waliowaona kwa macho yao. Ya kununuliwa kwa kuelekezwa na jirani, hapana. Muulizeni muuzaji kilichomo ndani, na asiyeweza kukujibu usinunue kwake.

Na yapo ambayo hayangojwi siku tatu. Mtoto akiwa na homa, akitoka malengelenge au usaha, akivuja damu, upele ukipanda tumboni au mgongoni, akikataa kunyonya, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kitoto ambacho hakijatimiza miezi miwili kikitoka vipele vya usaha, kipelekwe mara moja, hata kama kinacheza. Na mnapokwenda kliniki kwa chanjo za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, mfungueni mtoto mbele ya muuguzi aitazame ngozi. Binti yangu hulalamika kuwa akina mama humfunga nepi mpya na kumpamba mtoto siku ya kliniki ili waonekane nadhifu, wakaondoka na ugonjwa wao kama walivyokuja nao.

Sasa nirudi kwa akina baba, kama nilivyoahidi. Nepi za mwanao ni katika nafaka yake, kama maziwa na nguo. Maji ya kumsafishia ni katika nafaka yake. Mwanamume anayenunua nepi tatu kwa siku huku akijua kuwa mtoto anahitaji sita au zaidi, kisha akamlaumu mkewe mtoto anapobabuka, amelipunja haki ya mtoto na amemdhulumu mama yake. Kama mfuko haufiki, na wengi wetu haufiki, nunua kitambaa cha pamba, mkatie mawinda kumi na mawili, na umpunguzie mkeo kazi ya kuyafua kwa kuyafua wewe. Mimi nimefua ya watoto wangu wanne. Nilikuwa nikiyafua usiku, nakiri, ili majirani wasinione. Sasa nayaandika mchana.

Nilimwita mumewe yule mama baada ya Magharibi. Ni kijana wa bodaboda, mpole, wala hakuwa na inda. Hakuna aliyewahi kumwambia. Alidhani nepi hubadilishwa inapojaa, kama ndoo. Kesho yake alileta kipande cha mpira alichokatiwa na fundi wa viti vya matwana, na leso mbili za zamani za mama yake. Ndiyo, mavyaa yuleyule, aliyezitoa mwenyewe sandukuni.

Alhamisi iliyopita mama huyo alikuja darsani amechelewa kidogo. Akautandika ule mpira pembeni karibu na mlango, juu yake leso, akamlaza mtoto wazi, upepo wa kusi ukiingia. Nilianza upya mlango wa najisi tangu mwanzo wake, na safari hii niliomba niletewe dumu la maji na kitambaa nikawaonyesha kwa mikono. Katikati ya somo mtoto alikojoa. Bi mmoja mzee aliyekaa karibu naye aliusogeza mswala wake kiasi cha shubiri mbili, akatazama, kisha akaendelea na tasbihi yake.